Azumah Nelson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila tunapozungumzia ngumi za Afrika: jimu baada ya mazoezi, kijiweni, kwenye makundi ya simu saa za usiku pambano likiwa limechelewa kuanza. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yamezua ubishi wa miaka thelathini na zaidi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaona namba ya swali la kurejea.

## Mambo ya msingi

1. Azumah Nelson ni nani?

Ni bondia wa Ghana aliyezaliwa Accra tarehe 19 Julai 1958. Alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia, mojawapo ya vyama vinavyotoa mikanda) katika uzito wa unyoya mwaka 1984, akapanda na kutwaa wa unyoya wa juu mwaka 1988, akaupoteza 1994 na kuurudisha 1995 akiwa na miaka 37. Ukimuuliza mpenzi wa ngumi yeyote wa Afrika Magharibi ni nani bondia bora kuwahi kutoka barani, mara nyingi hatasubiri umalize swali.

2. Kwa nini anaitwa Profesa?

Kwa sababu alikuwa na tabia ya kusema kwamba anakwenda kumfundisha mpinzani wake somo. Mashabiki wakalidaka jina na likamganda. Lipo pia la "Zoom Zoom", lililotokana na Azumah, lakini Profesa ndilo lililovuka mipaka.

Mimi naona jina hilo linamfaa kwa sababu nyingine kabisa. Nelson alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Mtu akimsumbua pambano la kwanza, alikwenda kumsoma, na walipokutana tena mambo yalikuwa mengine. Ushahidi uko kwenye swali la 18.

3. Uzito wa unyoya ni kilo ngapi?

Mwisho wake ni pauni 126, yaani kilo 57.15. Unyoya wa juu ni pauni 130 (kilo 58.97), na uzito mwepesi unaofuata ni pauni 135 (kilo 61.23). Nelson alikuwa na kimo cha takribani sentimita 165, kwa hiyo kila alipopanda uzito alikutana na watu warefu kuliko yeye. Kumbuka hilo ukifika swali la 14.

4. Ni mtoto wa Bukom?

Watu wengi hudhani hivyo, kwa kuwa karibu kila bondia mkubwa wa Ghana anahusishwa na Bukom, kitongoji cha wavuvi katika Accra ya zamani, kwa watu wa kabila la Waga. Huko ngumi ni jambo la mtaani kabla halijawa la ulingoni: mitaa ilikuwa ikipangana na kuzichapa, kundi kwa kundi, kwa desturi inayoitwa asafo atwele. Mtoto alijua kukunja ngumi kabla hajaona glavu.

Nelson mwenyewe anatajwa kuwa mzaliwa wa Mamprobi, upande wa magharibi wa jiji hilohilo. Ukoo wake una historia ya pekee: ni wa Watabom, wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa Brazil na kurudi pwani ya Ghana katika karne ya 19. Simulizi zao zinataja mwaka 1836 na meli iliyotia nanga Accra, ambako machifu wa Waga waliwapokea na kuwapa ardhi. Walikuja na ujuzi wa ushonaji, kuchimba visima na kilimo cha umwagiliaji. Hata jina Tabom limetokana na maneno ya Kireno waliyokuwa wakiyajibu waliposalimiwa, yaani "njema tu".

5. Yeye ndiye bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ghana?

Hapana. Wa kwanza ni David Kotey, maarufu kama D.K. Poison. Septemba 1975 alikwenda Inglewood, California, akampiga Rubén Olivares wa Mexico kwa pointi katika raundi 15 na kurudi na mkanda wa WBC wa uzito wa unyoya. Aliupoteza Novemba 1976, Accra, mbele ya watu wake, kwa Mmarekani Danny Lopez.

Kotey ana kisa ambacho Waghana hawachoki kukisimulia. Nchi ilipobanwa na uhaba wa chakula, serikali ya Jenerali Acheampong ilimwendea bondia kuomba mkopo. Akatoa dola 45,000 za jasho lake la ulingoni, zikaagiziwa samaki, vibua hasa, na wenyeji wakawaita samaki hao kwa jina lake. Deni lake lilibaki kuwa habari ya magazeti kwa miongo kadhaa. Bingwa wa dunia anaikopesha serikali ili watu wapate kitoweo. Hebu jaribu kulitafutia mfano huko kwingine.

Kabla ya Kotey alikuwepo Roy Ankrah aliyekuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola miaka ya 1950, na Floyd Robertson aliyeukosa ubingwa wa dunia kwa uamuzi wa kutatanisha dhidi ya Sugar Ramos, Accra, mwaka 1964. Wote hao ni wa uzito wa unyoya. Nelson hakuanzisha njia, aliikuta imeshakanyagwa.

## Ngumi za ridhaa

6. Alipata medali gani kabla ya kuwa bondia wa kulipwa?

Dhahabu mbili, zote mwaka 1978, zote uzito wa unyoya, ndani ya wiki chache tu. Ya kwanza ilikuwa Michezo ya Afrika iliyofanyika Algiers mwezi Julai. Ya pili ni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwezi Agosti, ambako fainali ilikuwa ya Waafrika wawili: Nelson na John Sichula wa Zambia.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka Edmonton kwa sababu yao wenyewe, maana Stephen Muchoki alitwaa dhahabu hukohuko katika uzito mdogo kabisa. Miaka ile Afrika haikwenda kwenye mashindano ya ngumi kujaza nafasi.

7. Ni kweli alikwenda ngumi za kulipwa kwa sababu Ghana ilisusia Olimpiki ya Moscow?

Hadithi hii husimuliwa sana na inasikika vizuri, ila kalenda inaikataa. Pambano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa tarehe 1 Desemba 1979, Accra. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan wiki za mwisho za mwezi huohuo, na Rais Carter wa Marekani akatoa tishio la kususia Januari 1980. Wakati huo bondia wa kulipwa hakuruhusiwa Olimpiki. Kwa hiyo Nelson alishatoka kwenye ridhaa kabla mtu yeyote hajajua kuwa kutakuwa na kususia.

Ghana kweli haikwenda Moscow, na Kenya pia. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kuna kisa cha pembeni kinachotuhusu: Carter alimtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kuzishawishi serikali zisusie, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Jambo la serikali kwa serikali kuletwa na mwanamasumbwi, hata awe Ali, halikumpendeza.

8. Ngumi za ridhaa za wakati huo zilitofautianaje na za kulipwa?

Raundi tatu tu, na ushindi ulitokana na kugonga na kuondoka. Kofia za kujikinga hazikuwepo bado. Zilikuja mwaka 1984. Kwenye kulipwa, pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15. Bondia wa ridhaa anayehamia huko ni kama mkimbiaji wa mita 800 anayeambiwa ajaribu marathoni: mapafu anayo, lakini bado hajajifunza kuyagawa.

## Kutoka Accra hadi mkanda wa dunia

9. Alifikaje kupigania ubingwa wa dunia upesi hivyo?

Mapambano yake ya mwanzo mengi yalikuwa nyumbani. Akapanda ngazi kwa mpangilio: ubingwa wa taifa, wa Afrika, kisha Septemba 1981 akampiga Mwaustralia Brian Roberts raundi ya tano, Accra, na kuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola. Alikuwa hajapoteza pambano hata moja. Tatizo ni kwamba nje ya Ghana hakuna aliyemjua. Nafasi yake ilitokea kwa bahati ya mtu mwingine kujitoa.

10. Ilikuwaje kwenye pambano la Salvador Sánchez?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili.

Salvador Sánchez alikuwa Mmexico wa miaka 23, bingwa wa WBC wa uzito wa unyoya, ambaye mwaka mmoja nyuma alimsambaratisha Wilfredo Gómez. Alipangiwa kupigana na Mario Miranda wa Colombia, Julai 1982, Madison Square Garden, New York. Miranda akajitoa. Waandaaji wakahitaji mtu wa haraka, na wakamchukua Nelson, aliyekuwa na mapambano 13 tu ya kulipwa.

Waliokuja kuangalia bingwa akifanya mazoezi mepesi walishangaa. Kijana wa Accra alitembea mbele tangu kengele ya kwanza, akirusha ngumi nzito mwilini na kichwani, akimlazimisha Sánchez afanye kazi kila sekunde. Raundi ya saba Sánchez alimwangusha. Nelson aliinuka na kuendelea kusonga mbele kana kwamba ameteleza tu. Raundi ya 10, ya 12, ya 14, bado pambano halijaamuliwa. Kwenye raundi ya 15 Sánchez, aliyekuwa fundi wa kugawa nguvu zake, akapata alichokuwa akikitafuta: Nelson akaenda chini tena, akainuka miguu ikiwa haina uamuzi, makonde yakamfuata kwenye kamba, na refa Tony Perez akaingia kati. Ilikuwa imebaki dakika moja na ushei.

Tarehe 12 Agosti, wiki tatu baadaye, Sánchez alifariki kwa ajali ya gari nchini Mexico. Nelson akawa mtu wa mwisho kupanda naye ulingoni, na marudiano aliyoyataka hayakuwahi kuwezekana. Hilo ndilo deni pekee la miaka yake ya ujana ambalo hakupata nafasi ya kulilipa.

11. Alitwaa vipi ubingwa?

Angalia jinsi mkanda ulivyozunguka. Baada ya kifo cha Sánchez uligombewa na Juan LaPorte na Mario Miranda, yuleyule aliyejitoa New York. LaPorte akashinda. Machi 1984 Wilfredo Gómez akamnyang'anya LaPorte. Na tarehe 8 Desemba 1984 Nelson akapelekwa San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez.

Gómez hakuwa mtu wa kawaida. Katika uzito wa chini yake alikuwa ametetea ubingwa mara 17 na zote akamaliza kwa KO. Usiku ule alikuwa anaongoza kwa pointi. Ukiangalia mkanda wa video, utaona Nelson hababaiki: anaendelea kupiga mwili, mikono ya Gómez inashuka kidogo kila raundi, na kwenye raundi ya 11 mvua ya makonde inamwangusha mwenye nyumba hadi hesabu ya kumi. Umati wa San Juan ulinyamaza kama msiba.

12. Alitetea mkanda wa unyoya dhidi ya nani?

Mara sita, kati ya 1985 na 1987: Juvenal Ordenes, Pat Cowdell, Marcos Villasana mara mbili, Danilo Cabrera na Mauro Gutiérrez. La kuangalia ni la Cowdell, Birmingham, Oktoba 1985. Mwingereza huyo alikuwa amekwenda raundi zote 15 na Sánchez na kupoteza kwa tofauti ya jaji mmoja. Kwa Nelson hakumaliza raundi ya kwanza. Konde la kushoto lililopandishwa kutoka chini lilimkuta kidevuni, na alipoanguka ilikuwa dhahiri kuwa hatainuka.

13. Aliwahi kutetea ubingwa nyumbani Ghana?

Ndiyo, Desemba 1988, Accra, mwaka uleule aliopanda uzito na kutwaa mkanda wa unyoya wa juu kwa kumshinda Mario Martínez. Mpinzani alikuwa Sidnei Dal Rovere, akalala raundi ya tatu. Dal Rovere ni Mbrazili. Mzao wa Watabom (swali la 4) akimpokea Mbrazili Accra: sijui kama kuna aliyelitania hilo siku ile, lakini ingekuwa kwetu vijiwe vingelitafuna mwezi mzima.

14. Alijaribu uzito wa tatu?

Alijaribu, Mei 1990, Las Vegas, dhidi ya Pernell Whitaker aliyekuwa anashikilia mikanda ya WBC na ya IBF, chama kingine cha ngumi, ya uzito mwepesi. Whitaker alikuwa anapiga kwa kushoto na hakamatiki, kama kumfukuza kuku uwanjani wakati wa masika. Nelson alipoteza kwa majaji wote watatu, akarudi kwenye kilo zake, na Oktoba mwaka huohuo akampiga Juan LaPorte kule Sydney. Hakuna aibu katika hilo. Miaka hiyo waliompata Whitaker wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vingine vinabaki.

## Jeff Fenech na suala la marudiano

15. Pambano la kwanza na Fenech nani alishinda?

Kwa karatasi za usiku ule, hakuna: sare, Las Vegas, tarehe 28 Juni 1991. Kwa macho ya watu wengi, Jeff Fenech. Mwaustralia huyo mwenye asili ya Malta alikuwa hajawahi kupoteza, alishakuwa bingwa katika uzito tatu, na mojawapo ya mikanda hiyo ilikuwa ileile ya unyoya aliyoiacha Nelson alipopanda. Fenech alimganda kifuani raundi baada ya raundi, akapiga ngumi nyingi zaidi, na kwenye raundi za mwisho Profesa alionekana mtu anayetafuta kengele.

Mimi ni shabiki wa Nelson na nimeliangalia mara nyingi nikitafuta sababu ya kubisha. Sijaipata. Baadaye Nelson alisema kwamba alipanda ulingoni akiwa na malaria. Aliyewahi kuugua malaria anajua unavyoweza kuinuka asubuhi ukajiona mzima, kisha magoti yakakugeuka mchana. Hilo linaeleza kwa nini alichoka, lakini halibadilishi nani alipiga zaidi.

16. Nimesikia matokeo yalibadilishwa. Ni kweli?

Mwaka 2022, miaka 31 baadaye, WBC ilipitia upya pambano hilo na kumtambua Fenech kuwa mshindi, hivyo akahesabiwa kuwa bingwa katika uzito wa nne. Uamuzi huo ni wa chama kinachomiliki mkanda. Pambano lenyewe lilisimamiwa na tume ya ngumi ya jimbo la Nevada, ndiyo maana orodha nyingi za rekodi bado zinaandika sare.

17. Na marudiano?

Tarehe 1 Machi 1992, Melbourne, uwanja wa wazi wa Princes Park, mvua ikinyesha. Watu zaidi ya 30,000 walikuja kuona Fenech akichukua kilicho chake. Badala yake Fenech alikwenda chini raundi ya kwanza. Nelson hakusimama tena kifuani kwake kama Las Vegas. Alimwacha aje, akamkuta njiani, akatoka pembeni. Raundi ya nane refa akasimamisha. Kwangu hili ndilo pambano bora la maisha yake, bora hata kuliko la Gómez, kwa sababu kila mtu ulingoni na nje alijua nini kilitokea mara ya kwanza, na yeye peke yake ndiye aliyekuja na jibu.

18. Ni kweli alikuwa bora kila marudiano?

Karibu kila mara. Villasana alimsumbua mwaka 1986 na jaji mmoja hakumpa Nelson ushindi. Mwaka uliofuata majaji wote watatu walimpa. Martínez alipoteza kwa tofauti ya jaji mmoja 1988. Mwaka 1989 alisimamishwa raundi ya 12. Fenech tumeshamwona. Gabriel Ruelas alipoteza kwa pointi chache Februari 1993, katika uwanja wa Azteca wa Mexico City uliojaa watu zaidi ya 130,000 waliokuja hasa kumwona Julio César Chávez. Walipokutana tena 1995 aliondolewa raundi ya tano.

Doa ni Jesse James Leija wa Texas. Walitoka sare San Antonio, Septemba 1993, na Mei 1994 Leija akashinda kwa pointi na kuchukua mkanda. Hapo Profesa alihitaji somo la tatu: Juni 1996 alimsimamisha Leija raundi ya sita. La nne liko swali la 21.

## Miaka ya mwisho

19. Aliurudishaje mkanda akiwa na miaka 37?

Baada ya kupigwa na Leija alikaa nje karibu mwaka mmoja na nusu, na wengi walishamzika. Mkanda ulikuwa umehamia kwa Ruelas. Tarehe 1 Desemba 1995, Indio, California, Nelson alimmaliza raundi ya tano.

Haki itendeke kwa Ruelas: Mei mwaka huo mpinzani wake, Jimmy García wa Colombia, alifariki siku chache baada ya pambano lao. Wengi waliomfahamu walisema hakuwa tena mtu yuleyule. Ushindi wa Nelson ni halali na mkubwa. Ila ukiusimulia, simulia na hilo.

20. Kisa cha Genaro Hernández na koo kilikuwaje?

Machi 1997, Corpus Christi, Texas. Mwisho wa raundi ya saba Nelson alirusha ngumi baada ya kengele na ikampata Hernández kooni. Hernández alikuwa hoi, na kwa kanuni angeweza kubaki kwenye kiti na kupewa ushindi na mkanda papo hapo. Akakataa, akasema anataka kuupata kwa kupigana, akaendelea hadi raundi ya 12 na kushinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ubingwa wa Nelson uliishia hapo. Ni doa kwa Profesa, na ni heshima kwa Hernández ambayo haitajwi inavyostahili.

21. Alistaafu lini hasa?

Julai 1998, baada ya kupoteza kwa pointi dhidi ya Leija katika pambano lao la nne, San Antonio. Alikuwa anakaribia miaka 40. Mwaka 2008 alirudi Melbourne kuzichapa na Fenech kwa mara ya tatu, yeye akiwa na miaka 49, na akapoteza kwa pointi. Hilo la mwisho lilikuwa la wazee wawili kukumbushana. Usilitumie kwenye ubishi wa nani alikuwa bora.

22. Amepoteza mapambano mangapi?

Sita, na majina yake ni haya: Sánchez, Whitaker, Leija mara mbili, Hernández, na Fenech wa 2008. Sare ni mbili, Fenech na Leija, zote za pambano la kwanza. Katika yote hayo aliyemsimamisha kabla ya muda ni mmoja tu, Sánchez.

## Maswali ya pembeni

23. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuingia Jumba la Mashuhuri la ngumi?

Aliingizwa Canastota, New York, mwaka 2004, na wengi huandika kwamba ndiye wa kwanza kutoka Afrika. Dick Tiger wa Nigeria aliingizwa 1991. Vivyo hivyo si Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya. Hogan Bassey, Mnigeria pia, aliutwaa 1957. Nelson hahitaji sifa za kuazima.

24. Ana undugu na Ike Quartey?

Hapana. Ike "Bazooka" Quartey, bingwa wa WBA (nacho ni chama cha ngumi) wa uzito wa welta kuanzia 1994, ni wa ukoo mwingine wa Accra. Kaka yake kwa baba, Clement Quartey, alipata medali ya fedha Olimpiki ya Roma 1960, ya kwanza kabisa kwa Ghana.

25. Kwa nini pambano la Sánchez lilikuwa raundi 15 na la Gómez likapangwa 12?

Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alipigwa na Ray Mancini hadi raundi ya 14 na akafariki siku chache baadaye. WBC ikakata mapambano yake ya ubingwa hadi raundi 12. Kwa hiyo lile la New York, lingefanyika mwaka mmoja baadaye, lingeishia mikononi mwa majaji Nelson akiwa bado amesimama.

26. Sijawahi kumwona akipigana. Nianze na lipi?

Anza na Fenech la kwanza, lote, bila kuruka. Uchoke naye. Kisha lala, na kesho yake weka la Melbourne, uangalie miguu yake tu kwa raundi mbili za mwanzo. La Sánchez liache hadi siku utakayokuwa na saa nzima na hakuna wa kukuita.